Ardhi kwa hisa, kitoweo kwa anwani: namna Alaska ilivyowagawia wenyeji haki zao

Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania, kujikimu ni posho: siku za mwanzo kituo kipya, kabla hujajua duka linalokopesha liko wapi. Kwa wengine ni neno la huruma, la mtu apataye leo akala leo. Kwa hiyo neno hilo linatupoteza tukilitumia kueleza maisha ya Wainupiati, Wayupiki au Waathabaska, wenyeji wa asili wa Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani, hata kama kamusi itatupa hilo hilo. Sheria za Marekani nazo zilichagua neno la Kiingereza lenye harufu ya ufukara, subsistence, na viongozi wa wenyeji wamelilalamikia miaka mingi. Watu wanaovuta nyangumi wa tani 40 juu ya barafu, wakamkatakata na kulisha kijiji kizima, hawajikimu. Neno linaloukaribia ukweli tunalo, nalo ni la jikoni: kitoweo. Wanatafuta kitoweo.

Ugumu uko kwenye swali la pili: nani ana haki ya kitoweo hicho, mahali gani, mwezi gani? Huko Alaska jibu hutegemea kama mnyama ni wa nchi kavu au wa baharini, udongo aliosimama juu yake ni wa nani, na barua zako zinafikia posta ipi. Mara ya kwanza niliposoma mpangilio huo nilidhani nimeruka ukurasa. Sikuwa nimeruka. Mpangilio wenyewe ndivyo ulivyo, na una historia yake.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo. Alaska ni karibu mara mbili ya Tanzania kwa eneo, lakini watu wake wote, 733,391 kwa sensa ya mwaka 2020, hawawafikii wa Manispaa ya Temeke. Vijiji vingi havina barabara inayoviunganisha na popote. Bidhaa huletwa kwa ndege ndogo, au kwa tishari katika miezi michache ambayo mito na bahari havijaganda, na bei dukani hufanana na safari hiyo. Mwaka 2012 idara ya jimbo inayosimamia uvuvi na uwindaji ilikadiria kwamba mkazi wa kijijini alipata kutoka porini, mtoni na baharini wastani wa ratili 295 za chakula kwa mwaka, yaani kama kilo 134. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya kilo kila siku, mtoto mchanga naye akihesabiwa. Mkazi wa mjini alipata ratili 22. Zaidi ya nusu ya chakula hicho cha vijijini ni samaki.

Kiasi hicho chote, ukikijumlisha, hakifiki asilimia 1 ya samaki na wanyama wote wanaovunwa Alaska. Sehemu kubwa kabisa, zaidi ya asilimia 98, huchukuliwa na meli na viwanda vya uvuvi wa biashara. Tutairudia hesabu hii mwishoni.

Kalenda ya kitoweo hutofautiana kijiji hadi kijiji, na hakuna kijiji kinachofanya yote. Pwani ya Aktiki, nyangumi hupita Aprili na Mei, wakati nyufa zinapofunguka katika barafu ya bahari. Baada yao huja bata, kisha sili, mnyama wa baharini anyonyeshaye. Mito ya kusini zaidi, Yukon na Kuskokwim, inamngoja salmoni kuanzia Juni. Familia huhamia kambi za kuvulia, hukata samaki kwa kisu kipana cha wanawake, huwaanika na kuwatia moshi. Agosti na Septemba ni matunda ya porini, musi, ambaye ni jamaa ya kulungu mwenye kimo cha kumzidi ng'ombe, na karibuu, jamaa mwingine wa kulungu ahamaye kwa makundi makubwa. (Jina la mnyama huyo husomeka kama neno letu la kumkaribisha mgeni, kwa hiyo nimemwongezea herufi moja ili asiingie nyumbani bila kubisha hodi.) Majira ya baridi ni mitego na uvuvi kupitia matundu ya barafu.

Ukitazama ardhi hiyo kutoka angani mwezi wowote, utaapa haina mtu. Mkulima wa kwetu anajua shamba linaweza kulazwa misimu miwili na bado likawa na mwenyewe. Mwindaji wa Alaska hulaza bonde zima. Karibuu wasipopita mwaka huu, haendi. Baada ya miaka minne wakigeuza njia, anakwenda, na jina la kila kilima analo. Sheria iliyotoka kusini haikuwa na kisanduku cha kujaza matumizi ya namna hiyo.

Mwaka 1958 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, ikisukumwa na mwanafizikia Edward Teller, ilipanga kuchimba bandari huko Cape Thompson kwa kulipua mabomu ya nyuklia. Mahali palipendeza kwa sababu kwenye ramani hapakuwa na kitu. Kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo kilikuwapo kijiji cha Point Hope, ambacho watu wake walikusanya mayai ya ndege kwenye miamba hiyo hiyo na kuwinda karibuu nyuma yake. Wakapinga. Ajabu ni kwamba wataalamu walioajiriwa kwa fedha za mradi ndio walioipa hoja yao takwimu: mwanajiografia Don Foote aliorodhesha wanakijiji wanakwenda wapi kuwinda, lini, na wanarudi na nini. Mwaka 1962 mpango uliwekwa kando. Katika miaka hiyo hiyo Howard Rock, mzaliwa wa Point Hope, alianza kuhariri gazeti la kwanza kuwaunganisha wenyeji wa jimbo zima.

Kisa kingine cha wakati huo ni cha bata. Mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, ulikataza kuwinda ndege wahamao kuanzia Machi 10 hadi Septemba 1. Kusini mwa bara hilo mantiki yake ni nzuri: mwache ndege atotoe, umwinde akiwa amenona. Lakini Barrow, mji unaoitwa leo Utqiagvik, uko ncha ya kaskazini kabisa ya Marekani, na bata huwepo huko katika miezi hiyo iliyokatazwa. Septemba ikifika na ruhusa yake, wengi wameshaondoka. Mei 1961 maofisa wa wanyamapori walianza kuwakamata watu, akiwemo mbunge wa jimbo John Nusunginya. Muda si mrefu wanaume 138 wakajipanga mbele ya ofisa, kila mmoja ameshika bata wake, na kila mmoja anadai naye akamatwe. Serikali haikuwashtaki. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kuurekebisha mkataba, na msimu halali wa majira ya kuchipua ulifunguliwa mwaka 2003.

Mkataba uliozaa kampuni

Hadi hapo suala la ardhi yenyewe lilikuwa halijaguswa. Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, bila kuwauliza waliokuwa wakiishi humo. Alaska ilipokuwa jimbo mwaka 1959 ilipewa haki ya kujichagulia zaidi ya ekari milioni 100, ikaanza kuchagua, na mara nyingi kidole kikatua pale pale watu wanapovua na kuwinda. Mwaka 1966 wenyeji waliunda shirikisho lao, na Waziri wa Mambo ya Ndani Stewart Udall akasimamisha ugawaji wa ardhi mpaka madai yao yashughulikiwe. Huenda yangekaa kabatini miaka mingine hamsini. Lakini mwaka 1968 mafuta yalipatikana Prudhoe Bay, na bomba la kuyasafirisha haliwezi kupita kwenye ardhi yenye mgogoro. Ghafla kila mtu akataka haki itendeke haraka.

Desemba 18, 1971 Rais Nixon alitia saini sheria ya kumaliza madai. Wenyeji walipata ekari milioni 44, kama sehemu moja ya kumi ya jimbo, na dola milioni 962.5. Hawakupewa hifadhi za kikabila, yaani ardhi iliyotengewa kabila, kama zilizoko majimbo mengine. Isipokuwa hifadhi moja ya kusini-mashariki, zilizokuwepo zilifutwa. Ardhi ilikabidhiwa kampuni. Ziliundwa kampuni 12 za kanda na zaidi ya 200 za vijiji, na kila mwenyeji aliyekuwa hai siku hiyo akaandikishwa kuwa mwanahisa: hisa 100. Kampuni ya kijiji ilipata uso wa ardhi, ya kanda ikapata kilichomo chini yake. Mtoto aliyezaliwa Desemba 19 hakupata kitu, labda arithi, au kampuni ipige kura baadaye kumwongeza, jambo ambalo baadhi zimelifanya.

Si kwamba mpango huo haukuwa na busara yoyote ndani yake. Kampuni zinatakiwa kugawana asilimia 70 ya mapato ya madini na mbao na kanda nyingine, kwa hiyo kanda yenye mafuta huilisha ile isiyo nayo. Kuna waliofanikiwa sana kibiashara. Lakini mzee aliyekuwa anajua mipaka ya uwindaji kwa majina ya vijito alijikuta ana cheti cha hisa, na kampuni ambayo kisheria lazima itafute faida.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu cha 4(b). Kinasema madai yote ya asili ya wenyeji, pamoja na haki yoyote ya asili ya kuwinda na kuvua, yamefutwa. Kamati ya bunge iliyosuluhisha rasimu iliandika katika ripoti yake kwamba inatarajia waziri na jimbo wachukue hatua za kulinda kitoweo cha wenyeji. Ilitarajia. Haikuagiza.

Wagwichini, jamii ya Waathabaska, wa vijiji vya Venetie na Arctic Village walikataa mpango wa fedha na mgao wa kampuni za kanda, wakachagua kuchukua hati ya hifadhi yao ya zamani, ekari milioni 1.8. Walidhani wameponyoka. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ardhi hiyo ni yao kama mali, lakini si himaya yenye mamlaka ya kikabila ya kutoza kodi. Wana kiwanja kikubwa kuliko mikoa kadhaa ya Ulaya, na mamlaka ya mwenye kiwanja.

Kutoka ukoo hadi anwani

Mwaka 1980 bunge la Marekani lilirudi kwenye kitoweo. Sheria kubwa ya hifadhi iliyopitishwa Desemba mwaka huo iligeuza zaidi ya ekari milioni 100 kuwa mbuga na maeneo ya hifadhi, na sura yake ya nane ikasema: katika ardhi ya serikali kuu, samaki na wanyama wakipungua, watafuta kitoweo wana kipaumbele kabla ya wawindaji wa michezo na wavuvi wa biashara. Mapendekezo ya mwanzo yaliwataja wenyeji kwa asili yao. Jimbo likapinga, likisema haliwezi kutofautisha raia kwa nasaba. Maafikiano yakawa neno moja: vijijini. Kipaumbele ni cha mkazi wa kijijini, awe nani.

Fikiria maana yake. Mwalimu kutoka Texas anayehamia Bethel, mji mdogo unaohesabiwa kuwa kijijini, akishakuwa mkazi, ana kipaumbele. Nesi Myupiki aliyezaliwa Bethel, sasa anafanya kazi hospitalini katika jiji la Anchorage na kutuma fedha za petroli nyumbani, hana. Na Anchorage ndiyo yenye wenyeji wengi kuliko kijiji chochote. Watu huitania kuwa kijiji kikubwa kuliko vyote Alaska.

Hata maafikiano hayo hayakudumu upande wa jimbo. Katiba ya Alaska inasema samaki na wanyama katika hali yao ya asili ni wa watu wote kwa matumizi ya pamoja. Desemba 1989, katika kesi ya McDowell, mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba kumpa mkazi wa kijijini upendeleo kunakiuka katiba hiyo. Sheria ya serikali kuu inaagiza upendeleo, katiba ya jimbo inaukataza. Magavana kadhaa walijaribu kuibadili katiba. Bunge la jimbo halikuwahi kuufikisha mswada kwa wapiga kura. Kwa hiyo Julai 1990 serikali kuu ilichukua usimamizi wa uwindaji wa kitoweo katika ardhi yake, ambayo ni karibu asilimia 60 ya Alaska, na Oktoba 1999 ikachukua na uvuvi katika maji yake. Jimbo likabaki na kwingineko, kwa kanuni yake kwamba kila Mwalaska anaweza kutafuta kitoweo.

Mwindaji anayetoka asubuhi kwa pikipiki ya theluji anaweza kuvuka tawala tatu kabla ya chai ya saa nne: ardhi ya jimbo, ya hifadhi ya taifa, ya kampuni ya kijiji chake. Na hapa ndipo pananishangaza kila ninapoparudia. Kipaumbele cha mwaka 1980 kinafanya kazi kwenye ardhi ya serikali kuu tu. Kwenye ardhi ya kampuni ya wenyeji, ile waliyoipata kwa kuzitoa haki zao zote, kanuni za uwindaji ni za jimbo, na jimbo halitambui kipaumbele cha kijiji. Mwenyeji analindwa zaidi mbugani kuliko kwake.

Wanyama wa baharini wana utaratibu mwingine kabisa. Sheria ya mwaka 1972 inamruhusu mwenyeji wa Alaska anayeishi pwani kuwinda sili na wenzake kwa chakula na kazi za mikono. Kigezo hapo ni asili, mwalimu wetu wa Texas haruhusiwi. Kwa ufupi, sili ni kwa ukoo, karibuu ni kwa anwani, na bata ni kwa mkataba wa kimataifa. Familia inayovila vyote mezani mwezi mmoja haijawahi kuvigawa hivyo.

Msomaji wa kwetu ataona sura anazozifahamu. Hadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017. Huko kote wawindaji walitakiwa wathibitishe wanaitumia ardhi ambayo haina shamba wala zizi.

Aliyeupima mfumo wa Alaska hadi mwisho alikuwa bibi mmoja wa Kiahtna, jamii nyingine ya Waathabaska, Katie John. Familia yake ilikuwa na kambi ya uvuvi Batzulnetas, kwenye maji yanayoingia mto Copper. Jimbo lilifunga uvuvi hapo mwaka 1964, huku chini ya mto wengine wakiendelea kuvua. Mwaka 1985 yeye na mzee mwenzake Doris Charles walikwenda mahakamani. Swali lilionekana dogo: mto unaopita ndani ya hifadhi ya taifa ni "ardhi ya serikali kuu"? Serikali kuu yenyewe ilisema hapana. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ilisema ndiyo, pale ambapo serikali kuu ina haki ya maji. Jimbo lilitaka kukata rufaa zaidi. Mwaka 2001 Gavana Tony Knowles alimtembelea bibi huyo kambini, akarudi na kusema hatakata. Warithi wake ofisini waliendelea kushindana na uamuzi huo kwa njia nyingine, na hawajaung'oa. Katie John alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 97.

Nyangumi waliohesabiwa upya

Nimekaa kwenye sheria muda mrefu kwa sababu fundo liko huko, lakini uchumi wenyewe una akili yake, na pengine nyangumi huieleza kuliko takwimu.

Chombo cha majira ya kuchipua ni mtumbwi wa mbao uliovikwa ngozi za sili. Nahodha, kwa Kiinupiati umialik, hana cheo cha bure: ndiye mwenye zana, na yeye na mkewe hulisha mabaharia mwaka mzima. Chusa likimpata nyangumi, mitumbwi mingine inakuja kusaidia, na kila kundi lililosaidia lina fungu lake kwa kanuni inayojulikana. Nahodha hufungua nyumba yake, kijiji chote kinakuja kula. Mafungu mengine huwekwa hadi sherehe ya Juni iitwayo Nalukataq, na mengine hadi Krismasi, ambapo hugawiwa kanisani. Kipimo cha utajiri wa nahodha ni kiasi alichotoa.

Watafiti wa jimbo walipochunguza vijiji vingi walikuta mpangilio unaojirudia: kama asilimia 30 ya kaya huleta asilimia 70 ya kitoweo chote, kisha chakula hicho husambaa kwa ndugu, wajane na majirani. Na kaya hizo zinazoleta zaidi mara nyingi ndizo pia zenye mishahara. Aliyedhani kwamba kazi ya ofisini ingeua uwindaji alikosea. Mshahara hununua pikipiki ya theluji, petroli, risasi na nyavu. Fedha ni pembejeo. Shangazi anayefundisha shule ya msingi anaweza kuwa mhimili wa kambi ya uvuvi bila kukata samaki hata mmoja.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi kichwa-upinde, kwa kuwa wanasayansi waliamini wamebaki kati ya mamia na elfu mbili hivi. Wainupiati walisema hesabu ni mbovu. Waliohesabu walikaa ukingoni mwa barafu wakihesabu waliopita kwenye maji wazi, ilhali wazee walijua kwamba nyangumi hao hupita pia chini ya barafu, wakiipasua kwa kichwa ili kuvuta pumzi. Manahodha waliunda tume yao mwaka huo huo, na serikali ya mtaa ikagharimia utafiti wa kuwasikiliza nyangumi kwa vinasa sauti majini. Idadi ikapanda, ikapanda tena, na makadirio ya karne hii yanazidi 10,000. Marufuku iligeuzwa kuwa mgao, ambao leo msingi wake ni mapigo 67 ya chusa kwa mwaka kwa vijiji 11, na wanaougawa ni manahodha wenyewe.

Serikali hiyo ya mtaa ilipata wapi fedha? Kwenye mafuta. Serikali hiyo, iitwayo North Slope, iliundwa mwaka 1972, chini ya meya Eben Hopson, ili itoze kodi mitambo ya Prudhoe Bay. Ndiyo maana simulizi la "wenyeji dhidi ya mafuta" huchanika ukilivuta kidogo. Wainupiati wengi wa kijiji cha Kaktovik na kampuni yao ya kanda wameunga mkono uchimbaji katika uwanda wa pwani wa hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki. Wagwichini wa upande wa pili wa milima wanaupinga, kwa sababu karibuu wanaowategemea huzalia hapo. Wa kwanza hula hasa kutoka baharini, na wanaogopa zaidi mitambo ya baharini. Wa pili hula karibuu. Muulize mtu anakula nini kabla hujamuuliza msimamo wake.

Kipaumbele juu ya nini?

Mfumo wote huu ulijengwa kwa dhana kwamba mnyama yupo, tatizo ni nani atangulie. Dhana hiyo inalegea. Kundi la karibuu la Aktiki ya Magharibi lilikuwa na wanyama 490,000 mwaka 2003. Mwaka 2023 walihesabiwa 152,000. Maghala ya nyama yaliyochimbwa kwenye udongo ulioganda daima yanavuja maji. Pale mnyama anapokuwa haba, sura ya nane ina kifungu cha kuchuja hata wanavijiji: nani anamtegemea zaidi, nani anaishi karibu, nani hana mbadala.

Pigo kubwa limekuwa salmoni. Kwenye Kuskokwim, jimbo na serikali kuu zilifikia mahali pa kutangaza siku tofauti za kuvua katika maji yale yale. Serikali kuu iliishtaki Alaska mwaka 2022, na jaji akaipa ushindi mwaka 2024. Kwenye Yukon hapakuwa hata na cha kugombania. Mwaka 2021 uvuvi wa kitoweo wa aina zote mbili kuu, chinuki na chamu, ulifungwa, na samaki wa msaada wakasafirishwa kwa ndege kutoka Bristol Bay hadi vijiji ambavyo babu zao walilisha mbwa wa kuvuta sleji kwa salmoni. Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kutomvua chinuki wa Yukon kwa miaka saba, mzunguko mmoja wa maisha yake.

Wanasayansi wengi huelekeza kidole kwenye bahari inayopata joto. Wanavijiji hawaipuuzi sababu hiyo, ila huuliza pia kuhusu meli kubwa za nyavu za kukokota zinazomvua samaki aina ya poloki katika Bahari ya Bering, na ambazo hunasa salmoni wasiokusudiwa. Meli hizo ziko chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1976, yenye baraza lake la usimamizi, na sura ya nane ya mwaka 1980 haina neno huko. Salmoni hukaa baharini miaka kadhaa kabla ya kurudi. Kipaumbele cha kijiji huanzia pale anapoingia mtoni, kama ataingia.